Tangu baba augue naogopa kufa: je, imani yangu ni dhaifu?

"Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nasomesha skuli huku Wete, Pemba. Miezi minne iliyopita baba yangu alipimwa Dar es Salaam akaonekana ana saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Kaka zangu wameamua asiambiwe. Anachojua ni kuwa ana uvimbe na anatumia dawa. Tangu hapo usiku nashtuka, moyo unanienda mbio, mikono inanifa ganzi, nahisi roho inatoka. Hospitali nimekwenda mara mbili, nimepimwa moyo na presha, naambiwa ni mzima. Zamani nilikuwa nikisaidia kuosha maiti wa kike mtaani kwetu; sasa hata tangazo la msiba likitoka msikitini nawasha redio nisilisikie. Shangazi anasema nimeingiwa na shetani, amenipeleka kunywa kombe. Shoga yangu anasema mwenye imani haogopi kufa, na tangu aniambie hivyo naona haya hata nikisimama kusali. Nifanye nini nibadilishe fikra zangu juu ya kifo? Na je, baba aambiwe?"

Waalaykumu salaam, mwalimu. Swali lako ni refu na umefanya vyema kulirefusha, kwa sababu ndani yake hamna hofu moja. Mna hofu ya mwili wako unaokushtua usiku, mna uchungu wa mzazi unayemuona akipungua, mna uzito wa siri uliyotwishwa na kaka zako, na chini ya yote hayo mna ile hofu ya kufa ambayo kila mwanadamu anayo. Zote nne umezipa jina moja, kuogopa kifo, ndiyo maana unatafuta dawa moja na huipati. Nitazitenganisha, kwa kuwa baadhi yake zina tiba, nyengine zina nafuu, na inayobaki bila ya dawa ni sehemu ndogo kuliko unavyodhani.

Nianze na la imani, kwa sababu ndilo linalokuumiza zaidi. Mimi ni daktari wa maradhi ya akili, si sheikh, na fatwa si kazi yangu. Lakini ipo hadithi mashuhuri ambayo bila shaka umeshaisikia darsani. Mtume (S.A.W.) aliposema kuwa anayependa kukutana na Mwenyezi Mungu naye Mwenyezi Mungu hupenda kukutana naye, na anayechukia hali kadhalika, Bi Aisha aliuliza iwapo makusudio ni kuchukia mauti, kwani sote tunayachukia mauti. Hakukemewa. Alielezwa kuwa maneno yale yanahusu ile saa ya kufikwa, pale muumini anapobashiriwa anayoyaendea. Ikiwa Mama wa Waumini aliweza kuyasema hayo waziwazi, sioni kwa nini mwalimu wa Wete ayaonee haya. Shoga yako bila shaka alitaka kukuliwaza, lakini neno lake limekuongezea mzigo: mtu anayeona haya kusimama kusali kwa sababu ana hofu, amenyang'anywa kile ambacho kingemtuliza.

Sasa tuje kwenye usiku wako. Unayoyaeleza, yaani moyo kwenda mbio, ganzi mikononi na hisia kuwa roho inatoka, sisi tunayaita shambulio la hofu, na ni jambo la mwili kama vile homa ni jambo la mwili. Ubongo una sehemu inayolinda uhai, ambayo kazi yake ni kupiga kelele kabla ya mtu kufikiri. Ikihisi hatari huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na hapo moyo hukimbia, misuli hukaza na pumzi huwa za haraka. Pumzi za haraka hutoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na upungufu wake ndio unaoleta ganzi kwenye vidole na midomo, kizunguzungu na kifua kubana. Wewe unayahisi hayo, unaamini kuwa ndiyo mauti yenyewe, ubongo unaisikia imani hiyo kama hatari mpya, na adrenalini inamwagwa tena. Duara hilo hufikia kilele chake ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe hata usipofanya lolote, kwa sababu mwili hauwezi kubaki kileleni. Kwa maneno mengine, mwisho wa shambulio hauletwi na maji uliyonywa, wala na kaka aliyekimbia kukuazimia gari la jirani; lingeshuka tu.

Likikujia usiku, kaa kitako, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa puani taratibu na uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, ukijisemea kuwa hii ni adrenalini na itapita. Usipumulie ndani ya mfuko wa plastiki kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Kuna hatari ndani yake. Na usikimbilie kupima presha kila mara. Vipimo viwili vimetosha kukuhakikishia moyo wako. Cha tatu na cha nne vinamfundisha ubongo kuwa kweli kulikuwa na jambo la kuhakiki. Vipimo ambavyo ningependa uulizie, iwapo havikufanywa, ni cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuleta dalili zinazofanana na zako.

Hapo ndipo tunapofika kwenye redio. Mtu mwenye deni dukani akianza kupita njia ya nyuma, siku ya kwanza huona amepata nafuu, lakini deni halipungui, njia za kupita huzidi kuwa chache, na mwenye duka, ambaye huenda ni mtu mpole tu, huzidi kuwa mkubwa machoni pake. Kila unapowasha redio kufunika tangazo la msiba unapata nafuu ya dakika tano, na nafuu hiyo ndiyo malipo yanayoufundisha ubongo wako kuwa tangazo lilikuwa hatari na wewe umeokoka kwa kukimbia. Kesho hofu itaanza mapema zaidi, labda kwa kusikia tu kipaza sauti kikikohoa kabla ya mtu kusema. Tiba yenye ushahidi mkubwa wa hofu za namna hii ni kurudi pale unapopakimbia, kwa ngazi, na kukaa hapo mpaka hofu ishuke yenyewe.

Kwako ngazi ziko wazi, na una bahati ya kuwa wakaazi wa visiwa hivi bado tunazika kwa mikono yetu. Wiki ya kwanza, acha redio. Sikiliza tangazo mpaka mwisho, jina la marehemu na saa ya maziko, kisha endelea kukaa ulipo mpaka moyo utulie. Ikizoeleka hiyo, nenda kwenye nyumba ya matanga, kaa jamvini na wenzako bila ya kujipangia pa kukimbilia karibu na mlango. Baadaye saidia kazi za pembeni: kuchota maji, kutwanga majani ya mkunazi, kukata sanda, kufukiza udi. Mwisho kabisa rudi kwenye kuosha. Unaijua kazi hiyo kuliko mimi, namna upande wa kulia unavyotangulizwa, namna maji yanavyomiminwa kwa upole huku mwili umesitiriwa, na karafuu maiti inavyotiwa kwenye maji ya mwisho. Vaa glavu, kwa kila maiti bila ya kubagua. Nakutajia hayo kwa makusudi, kwa sababu mtu anayeogopa kifo huwa anaogopa picha iliyo kichwani, na picha ya kichwani haina mkono wa kushika wala mgongo wa kuuosha. Anayeosha anakutana na mwili wa Bi fulani aliyekuwa jirani yake, ambao sasa unahitaji heshima na maji. Usiruke ngazi, na usiteremke kwenye ngazi wakati hofu iko juu. Subiri ipungue kwanza, hata ikichukua nusu saa au zaidi, kwa sababu ukiondoka kileleni umejifundisha tena kukimbia.

Kuhusu kombe sina ugomvi na shangazi yako. Aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji hazikudhuru, na kama zimekupa utulivu basi ni kheri. Ugomvi wangu huanza pale mganga anapokuambia uache dawa, au anapokutajia jirani aliyekutupia jambo, maana hapo utakuwa umeongezewa hofu ya tano kwa pesa zako mwenyewe.

Umeniuliza namna ya kubadilisha fikra. Fikra ya kuwa utakufa usihangaike kuibadilisha, kwa kuwa ni kweli, na anayejaribu kuifuta huikuta imemsubiri kitandani. Zinazofaa kubadilishwa ni zile zilizojibandika juu yake: kwamba utakufa usiku huu huu, kwamba baba atakufa kwa mateso yasiyo na mfano, kwamba ukilia mbele ya watu nyumba itaporomoka. Ziandike kwenye daftari, moja moja, mchana na si usiku, na kila moja iulize nini unachokijua na nini unachokikisia. Ile ya kwanza nimeshaijibu. Ya pili inahitaji mtu akueleze kitu ambacho nadhani hakuna aliyekueleza, kwa hiyo nitakueleza mimi, na kama huko tayari kukisoma leo ruka aya mbili hizi uzirudie siku nyengine.

Mgonjwa wa saratani ya ini iliyoenea kwa kawaida huchoka zaidi na zaidi, hula kidogo, hukonda, na mara nyingi macho huwa ya manjano na tumbo kujaa maji. Ini linapozidi kushindwa, sumu ambazo lilikuwa likizisafisha hufika kwenye ubongo, na mgonjwa hulala sana mchana, hukesha usiku, au huchanganya majina ya watu. Hapo familia hudhani amerogwa au ameanza kuwakasirikia, na kumbe daktari anaweza kumpunguzia hali hiyo kwa dawa. Siku za mwisho wengi huingia kwenye usingizi mzito. Pumzi huwa na vituo, huja za haraka kisha husita, na kooni huweza kusikika mkoromo wa mate ambayo hana nguvu ya kuyameza. Sauti hiyo huwatisha sana waliokaa kitandani pake, lakini kwa kadiri ya elimu ya tiba, mtu aliyezama kwenye usingizi ule hahangaishwi nayo kama wanavyohangaika wanaoisikiliza. Kumgeuza ubavu husaidia. Asilazimishwe kula, kwani mwili unaofunga kazi zake hauhitaji chakula na tonge la kulazimisha huweza kumpalia; mroweshe midomo kwa pamba yenye maji. Mengine yanayohusu safari ya roho waulize wenye elimu ya dini. Mimi nazungumzia mwili tu.

Maumivu yana dawa. Daktari wa Kiingereza Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya wagonjwa wa namna hii huko London mwaka 1967, alisisitiza kuwa mgonjwa asisubiri mpaka alie ndipo apewe dawa, ila apewe kwa saa maalumu ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Akafundisha pia kuwa maumivu ya anayekufa yana pande nyingi, mwili, nafsi, jamaa na roho, na ukiutibu mmoja ukaacha mingine hatopoa. Huduma hiyo kwetu inaitwa tiba shufaa, na taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inayo. Dawa yake kubwa ni mofini ya maji ya kunywa. Watu wengi huikataa wakiamini kuwa inaharakisha kifo au inamfanya mgonjwa mtumwa wake. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kupandishwa polepole, haifanyi hivyo. Inachofanya kwa hakika ni kufunga choo, kwa hiyo iandamane na dawa ya kulainisha. Kwa mgonjwa wa ini kipimo chake lazima kiwe cha chini na cha kuachana zaidi, kwa sababu ini lake haliitoi dawa mwilini kwa wepesi, na kwa sababu hiyo hiyo msimpe dawa za maumivu za kununua dukani bila ya kuuliza.

Sasa baba. Kaka zako hawamfichi kwa ubaya. Wanaogopa kuwa akijua atakata tamaa na kufa upesi. Ninawaelewa, na ni kweli kwamba wapo wazee wasiopenda kuambiwa kila kitu. Lakini kwa wagonjwa niliokaa nao, anayefichwa mara chache huwa hajui. Anaona mwili wake, anaona wajukuu wanaletwa kutoka Unguja kabla ya likizo, anaona mazungumzo yanakatika anapoingia, na hunyamaza ili asikuumizeni, kama mnavyonyamaza nyinyi. Kila upande unambebea mwenzake, na anabaki peke yake katika saa ambayo hakustahiki kuwa peke yake.

Kuna pia mambo ambayo ni yeye tu anayeyaweza. Mzee wa Pemba aghalabu ana mikarafuu, na huenda baadhi ameikodisha kwa misimu ijayo kwa mapatano ya mdomo ambayo hayakuandikwa popote; huenda anadai au anadaiwa, ana amana ya mtu, ana ndugu waliyenuniana. Dini imetuhimiza kuwa mwenye jambo la kuusia asilale usiku mbili tatu bila ya wasia wake kuwa umeandikwa, na mnajua kuwa deni hulipwa kabla ya urithi kugawiwa, na kuwa wasia hauvuki thuluthi. Kwa upande wa mirathi, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi hiyo. Kumficha mtu maradhi yake kunaweza kumnyima nafasi ya kutengeneza haya na kutakana radhi na watu wake, na hasara hiyo hairekebishiki.

Hata hivyo sikushauri uende leo ukamwambie yote, tena kinyume na kaka zako. Lililo sahihi ni kumuuliza yeye anataka kujua kiasi gani. Kaeni kwanza nyinyi watoto, uwaeleze kaka zako hayo niliyoyataja, na ikiwezekana awepo mtu mzima wanayemheshimu, ami yenu au imamu. Kisha mmoja wenu, yule ambaye baba humfungukia, akae naye wakati ametulia na amuulize kwa heshima: "Baba, wewe mwenyewe unayaonaje maradhi haya? Ungependa tukueleze aliyotueleza daktari, au ungependa tuyashughulikie sisi?" Akisema "yashughulikieni nyinyi", amejibu, na mheshimu jibu lake, ila aulizwe kama lipo jambo lolote analotaka kulitengeneza. Akisema "niambieni", aambiwe kwa kituo, kipande kwa kipande, bila ya kutajiwa idadi ya miezi ambayo hakuna daktari anayeijua, na aambiwe papo hapo kuwa hatoachwa na kuwa maumivu yana dawa. Bora daktari wake awepo. Akilia, kaa naye. Usimkimbilie na maneno ya kumnyamazisha.

Kuna dalili ambazo hazifai kusubiri. Kwa baba, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa kwa ghafla au maumivu yasiyotulia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa upande wako, nenda kwa mtaalamu ana kwa ana ikiwa mashambulio yanaendelea baada ya wiki chache za kufanya niliyoyaeleza, ikiwa umeshindwa kwenda kazini, ikiwa unalala saa chache mno kila siku, au ikiwa unajikuta unatamani kufa ili upumzike. Hili la mwisho halina kusubiri hata usiku mmoja, mwambie mtu wa nyumbani na mwende hospitali pamoja. Anzia hospitali ya Wete au ya Chake Chake na uulizie huduma ya afya ya akili. Najua watu wanavyosema wakimuona mtu kwenye mlango wa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, na sitokudanganya kuwa maneno hayo hayapo, lakini wengi wanaotibiwa kwetu ni walimu, wafanyabiashara na mama wa nyumbani wenye hali kama yako. Daktari anaweza kukupa dawa za kila siku kama sertralini au fluoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi na siku za mwanzo huweza kukuongezea wasiwasi kidogo, kwa hiyo usizitupe siku ya tatu. Diazepamu usinunue dukani. Hutuliza upesi, na kwa sababu hiyo hiyo mwili huizoea upesi, na kuiacha huwa ni maradhi mengine.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, na huenda limo kwenye hofu zako za usiku. Miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya ini katika nchi zetu ni homa ya ini aina B, ambayo huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haiambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa, kwa hiyo msimtengee baba vyombo. Muulizeni daktari wake iwapo alipimwa virusi hivyo. Ikiwa anavyo, mama yenu na nyinyi watoto mpime nyote. Atakayeonekana navyo atafuatiliwa na, akihitaji, atapewa dawa za kuvidhibiti kabla ini halijaharibika. Asiye navyo wala kinga atachanjwa sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza.